Konjelateri Mbele ya Altare

Mama alifariki mvua zilipoanza, na kilio chake tulikiweka uani kwetu Manika, chini ya turubai la kukodi. Maji ya waombolezaji yalipozwa katika konjelateri, yaani friza, ile ile ya usichana wangu. Ni kubwa, nyeupe, ya kifuniko cha juu. Kutu imekula miguu yake, na mota ikianza kunguruma, sahani zilizopangwa juu yake hutetemeka. Niliketi karibu nayo kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kunyoosha miguu. Mimi ni mwanamke mrefu kupita kiasi, na watu walioingia kunipa pole waliona kwanza magoti yangu, kisha uso. Nimezoea kufanya mambo kwa mpangilio: nilishughulikia jeneza, nikashughulikia unga na mafuta, nikaandaa mahali pa kulala wageni kutoka Bukama. Machozi nilikuwa nimeyaweka mwisho.

Kisha aliingia Sifa. Alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, kitenge kikinuka samaki, na kabla hata hajanisalimu aliinua kifuniko cha konjelateri, akaingiza mkono chini kabisa, akatoa chupa ya maji bila kutazama. Alijua ilipokuwa. Niliduwaa. Mimi, mtoto wa nyumba ile, nilikuwa bado napapasa humo ndani kila nilipotumwa kitu. Kwa miaka mingi mimi na Sifa hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu za njiani. Tulipokuwa wasichana tulicheza pamoja mpira wa kikapu, na mwaka mmoja ulitutenganisha. Nimeishi na mwaka ule kama mtu anavyoishi na mfupa uliounga vibaya: unatembea vizuri, lakini kila mara unaujua.

Tulicheza kwenye uwanja wa saruji nyuma ya parokia, wenye pete moja iliyopinda. Katika timu yetu ya wasichana, Sifa ndiye aliyejua mpira. Mimi nilijua kuwa mrefu. Yeye alipokea mpira akiwa tayari ameshaona nani yuko wapi, akaupeleka pale ambapo mkono wangu ungefika, na watu waliokaa ukutani wakapiga kelele kwa ajili yangu. Tulikuwa darasa la mwisho la sekondari. Baada ya mazoezi tulinunua mihogo ya kukaanga, tukala kutoka karatasi moja, na yeye alikuwa akinitania: «Régine, Mungu alikupatia miguu, mi akanipatia macho. Kama tulikuwa mutu mumoja, tungekuwa tayari Amerika.»

Aliyeileta Amerika kwetu ni Gaston, ambaye kwa heshima tulimwita Tata, yaani baba. Alikuwa amecheza nje ya nchi ujanani, na alivaa suti ya michezo hata kwenye misa. Ilijulikana mjini kwamba anapeleka vijana warefu kwenye vyuo vya huko, ambako mtu husoma bila kulipa mradi acheze. Kilichokuwa hakijulikani, nami nilikipata kipande kwa kipande nikiwa nyumbani kwake, ni kwamba kocha msaidizi wa chuo kimoja alikuwa akimlipa kwa kila kijana anayemletea, na kwamba fedha hizo zilikuwa haramu kwa sheria za michezo ya vyuo vyao. Mchezaji hatakiwi kupewa kitu na watu wa chuo, wala ndugu zake, ili achague mwenyewe bila kununuliwa. Gaston aliijua sheria hiyo vizuri. Ndiyo maana kila alichotoa kilipita mlango wa nyuma. Kocha wetu alianza kupanda pikipiki mpya, akasema ni ya shemeji yake. Na jioni moja pikapu ilisimama kwetu ikiwa imebeba kitu kikubwa kilichofunikwa turubai.

«Mama,» Gaston alimwambia mama yangu wakati vijana wakiishusha, «ni kitu kidogo, bantu ba koleji banakuheshimu. Lakini isikuwe ya kutangaza.»

Mama aliizunguka konjelateri, akaigonga ubavuni kwa vidole. «Sasa tata, hii nitaificha wapi? Inanguruma.»

Wote walicheka, hata Gaston.

Baada ya hapo yalikuja mabati, na paa letu likaacha kuvuja. Kisha Gaston akasema itafaa nihamie kwake, nile vizuri na nipumzike. Nyumba yake ilikuwa moja ya zile za zamani za kampuni, zenye dohani na sebule ndefu. Nilipewa chumba cha nyuma. Kitanda kilikuwa kifupi, kwa hiyo waliweka kreti ya bia chini yake upande wa miguu na godoro dogo juu ya kreti, nikalala katika ngazi mbili. Dirisha lilitazama ukuta wenye vigae vya chupa juu yake. Mchana, jua lilipopiga vile vigae, ukuta wa chumba changu ulijaa madoa ya kijani na kahawia yaliyosogea polepole, na kwa muda mrefu hayo ndiyo yalikuwa mabadiliko pekee ya siku yangu baada ya shule. Nilikatazwa kucheza uwanjani na wenzangu, nisije nikaumia. Nilikatazwa kubeba maji. Mke wa Gaston, Mama Véro, aliniandalia mezani peke yangu: mayai, maziwa, nyama, bukari, ugali wetu, iliyofinyangwa vizuri kama ya mgeni. Familia yake ilikula jikoni, na niliwasikia wakichekeshana kupitia ukutani.

«Mama Véro, nikuje kukula kule kwenu?»

«Apana, mama. Kula palepale. Tata Gaston alisemaka, mifupa yako njo pasipoti. Sasa weye unataka tugongane na pasipoti ku jiko?»

Alikuwa mwema, lakini alisimama mlangoni hadi nimalize, na mtu hawezi kuonja chakula akitazamwa hivyo. Wiki za kwanza wenzangu walipita kunisalimu. Baadaye walipita tu. Nikitoka kwenda shule, wasichana wa timu walipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara: «Ona, girafi ya Gaston inaenda kukunywa mai!» Sifa hakupaza sauti. Aliangalia chini.

Mama alikuja Jumapili mchana. Alikaa ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, na baada ya salamu swali lake lilikuwa lile lile: «Balikupa nini juma hii?» Nilimwambia: viatu, kopo la maziwa, soksi. Aliuliza viatu ni vipya au vimevaliwa, kopo ni la ukubwa gani. Nilimwonea aibu. Niliona ni tamaa ya mwanamke aliyezoea soko, na mara moja nilimjibu kwa ukali kwamba haji kuniona mimi, anakuja kuona vitu. Alikunja midomo, akasema, «Yote iko muzuri, mama. Na soksi, ni ngapi?»

Ili siku zisinimeze nilianza kujifunza Kiingereza. Nilikuwa na kamusi iliyopoteza jalada na redio ya Mama Véro, ambayo aliniachia mchana. Sikuwa na mwalimu, kwa hiyo nilijitengenezea utaratibu: asubuhi maneno, mchana sauti. Nilisema sentensi ukutani mpaka ziache kunishtua. Gaston hakujua. Alidhani naomba rozari.

Chuo kilitaka kuniona nikicheza, na Gaston akamwita Dédé, mpiga video wa mtaa, aliyeishi kwa kupiga picha za harusi. Mechi ilipangwa dhidi ya timu ya upande wa Mutoshi. Kocha alituita pembeni kabla ya kuanza, akawaambia wenzangu kwamba kila mpira upite kwa Régine. Sifa aliuliza, «Na kama njia iko wazi kwangu?» Kocha akamjibu kwamba njia yake haikuombwa na mtu. Nikaingia, nikapokea mpira, nikageuka, na beki wao, msichana mwenye mabega mapana ambaye mwaka uliotangulia alinigonga hadi jino likalegea, akasogea pembeni kama anayempisha mtu mzima kanisani. Nilifunga. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nilisimama nikamwangalia.

«Pita tu, dada,» alininong'oneza. «Feza yako tulishakula.»

Kwenye video ile ninaonekana mchezaji wa ajabu. Lakini tangu neno lile sikujua tena kama najua kucheza. Jambo hilo halina njia ya kupimwa baadaye. Mtu aliyepishwa hawezi kujua angefika wapi kama angezuiwa. Sifa alinipa mipira yote safi, mmoja baada ya mwingine, bila kunitazama usoni, na mechi ilipokwisha alivua fulana, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye benchi la kocha. Hakurudi kwenye timu.

Kabla safari haijathibitishwa, mama alitangaza misa ya shukrani. Kwetu hilo ni jambo la kawaida: mtu aliyepata mtoto, aliyepona, aliyefaulu, huja na matoleo akicheza hadi mbele, na husema ameshukuru nini. Nilidhani ataleta kuku na kikapu cha viazi. Wakati wa matoleo, nyimbo zikiwa juu, niligeuka na kuona konjelateri ikiingia kwa mlango mkubwa juu ya mabega ya vijana wanne, imefungwa utepe wa harusi. Nyuma yake alikuja mama akicheza, na nyuma ya mama wanawake wawili wa soko walinyoosha kitambaa cheupe ambacho mchoraji wa mabango alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu MERCI, asante kwa Kifaransa, na chini yake jina lote la chuo, lililonakiliwa herufi kwa herufi kutoka kofia niliyopewa na Gaston. Jina hilo sitalitaja hapa. Konjelateri iliwekwa mbele ya altare. Mama alichukua kipaza sauti na kutaja: konjelateri, mabati, viatu, maziwa, mayai, nyama, soksi. Alitaja kwa mpangilio ambao leo naujua kuwa ni wangu. «Bitu byote bile,» alisema, «bantu ba koleji balitupatia kwa mukono ya Tata Gaston, ni zawadi. Museme na miye: ni nini?» Na kanisa zima likajibu, «Zawadi!» Kisha akaanzisha wimbo. Gaston alikuwa safu ya mbele. Alipiga makofi kama wengine, angefanya nini?

Dédé naye alikuwepo, maana mama alimwita. Na Dédé alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kwake video haikwisha mpaka wafadhili wametajwa. Katika kila harusi aliweka mwishoni watu waliotoa ng'ombe, viti na muziki, ili wasikasirike. Basi baada ya mechi akaunganisha misa, konjelateri ikiingia, kitambaa karibu kabisa, herufi zikisomeka. Gaston alikaa kutazama kazi, akaona mechi, akafurahi, kisha umeme ukakatika. Aliituma hivyo hivyo.

Simu ilikuja alasiri moja. Nilikuwa kitandani, madoa ya chupa yakiwa yamefika karibu na mlango. Mtandao wa siku zile ulikuwa mbaya, na Gaston alizoea kusimama barazani na simu kwenye kipaza sauti, akipiga kelele. Kocha msaidizi alisema video imetazamwa na wengi kwa pamoja, na kati yao alikuwepo mtu wa ofisi inayochunguza wachezaji wapya. Alisema wote waliona lile sanduku kanisani na jina la chuo juu yake. Aliuliza ni mwendawazimu gani aliyeandika lile bango. Gaston akajibu kwamba ni mama wa msichana, kwamba watu wa hapa hushukuru mbele ya watu, ni desturi, hana ubaya. Yule kocha akasema jina langu limefutwa na lisitajwe tena. Kisha nikamsikia Gaston, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko nilivyotegemea, akisema: «Nina mwingine, huko Likasi. Ni mrefu kama huyu. Hana mama.»

Nilielewa kila neno. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuelewa mazungumzo mazima kwa Kiingereza, na sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba nimeweza. Leo kazi yangu ni kutafsiri mikutano ya watu wa migodi, na watu huniuliza nilisomea wapi. Nasema nilijifunza nyumbani. Sisemi nyumbani kwa nani.

Gaston alitueleza kwamba visa imekataliwa. Nilirudi kwetu na begi langu, na mama akanipakulia bukari na sombe, majani ya mihogo.

«Kumbe ni visa?» aliuliza.

«Ndiyo, mama. Visa.»

Alinisogezea bakuli la samaki. Nilikuwa nimeamua njiani: asijue kamwe kwamba shukrani yake ndiyo iliyonifungia mlango. Niliona ni mzigo ambao mtu mmoja anatosha kuubeba. Wiki zile nililala mchana, sikutoka nje. Nilipoamka nilitafuta kazi, na miaka ikaenda. Tuliishi vizuri. Lakini kati yetu kulikuwa na chumba kimoja ambacho sikumfungulia, na kila konjelateri ilipoanza kunguruma nilihisi kama chumba hicho kinagongwa kwa ndani. Nilidhani nimo humo peke yangu.

Kwenye kilio, Sifa alikunywa maji, akavuta kiti hadi karibu nami. Tuliongea habari za maziko. Kisha, kwa kuwa mama hakuwapo tena wa kuumia, nilimwambia yote: misa, video, simu. Nilisema mama alikosea kwa moyo mweupe, na kwamba nilimficha hilo. Sifa alinisikiliza hadi mwisho, chupa mikononi.

«Régine,» alisema, «weye uko mutu ya masomo, lakini ile mambo hauiyelewake. Mama yako alijua.»

«Alijua nini?»

«Yote. Ile juma ulirudia, Gaston alikuya ku soko. Mi nilikuwa tayari nauzisha samaki pembeni ya mama yako. Alimulalamikia mbele ya bantu: ni wee uliharibisha, na kitambaa yako! Kisha akamwambia, mutoto yako amekula kwangu mwaka muzima. Kuko kilabu inje ya inchi, inamutaka. Ataenda kule, pasipoti nitaishika miye, na mushahara itapitia kwangu mupaka nirudishe yangu.»

Nilisema sikupata kusikia habari hiyo. Sifa akasema ningesikia vipi, nilikuwa nimelala. Kisha akanikumbusha kitu nilichokuwa nakijua tangu utotoni bila kukiweka mahali pake. Kabla ya soko la Manika, mama alikuwa akiwapikia wachimbaji kule Mutoshi. Wachimbaji wasio na kitu hulishwa na mtu wanayemwita sponsa: anawapa unga, taa, kamba, wakati shimo bado ni udongo mtupu. Wakifikia madini, mali ni yake. Timu iliyolishwa kimya, bila mashahidi, hukuta deni limenenepa, na watu wenyewe wamegeuka kuwa sehemu ya mali. Kwa hiyo timu yenye akili, siku sponsa analeta vitu, huita watu wa mashimo jirani, na mkubwa wao hutaja kwa sauti kimoja kimoja kilichopokelewa na kimepokelewa kwa masharti gani; kisichotajwa hakidaiwi. Mama alikuwa amesikia kutaja huko mara nyingi akiwa na sufuria zake. Hakusahau kwamba Gaston alimkataza kutangaza. Alitangaza kwa sababu alimkataza.

«Alimujibu nini?» niliuliza.

Sifa aliinuka kidogo kitini, akaweka mkono kiunoni, na kwa dakika moja mama alikuwa pale. «Alisema: Tata Gaston, wee ulikuwa ku misa. Nilitaja konjelateri. Nilitaja mabati, na bile biatu, na maziwa, mupaka soksi. Bantu balisema ni zawadi, na wee ulipiga makofi. Mutoto, sikumutajaka.» Akaketi. «Soko yote ilicheka Gaston, mupaka akapanda pikapu yake. Hakurudiaka.»

Juu yetu mvua ilianza kugonga mabati yale yale. Niliuliza swali pekee lililobaki: kwa nini hakuniambia.

«Aliogopa utamuuliza kama ni yeye alikukosesha Amerika. Alisemaka: akiniuliza, nitajibu ndiyo, sitamudanganya. Lakini asipouliza, tukulaka tu.» Sifa alipangusa chupa kwa kitenge. «Alikungojea umuulize. Ni miaka mingi, Régine.»

Nilifikiria bakuli lile la samaki likisogezwa kwangu. Nilifikiria pia msichana wa Likasi, ambaye huenda alipanda pikapu bila mtu wa kutaja soksi zake. Sikupata kusikia habari zake, wala jina lake silijui.

Siku ya kumaliza kilio, ndugu walikusanyika kugawa vitu, na vijana wakauliza konjelateri waipeleke wapi. Ilibainika kwamba wanawake wa safu nzima ya samaki huhifadhi humo mali yao, na mama hakuwatoza kitu. Nilisimama. Sipendi kusema mbele ya watu. Kazini nasema maneno ya wengine. Nilisema kwamba konjelateri hii namwachia Sifa, pamoja na waya wake, na kibanda kinachoikinga mvua, na kamba ya kifuniko, na kwamba ni zawadi. Nikauliza, «Ni nini?» na watu wachache, wakishangaa, wakajibu, «Zawadi.» Kisha nikabaki nimesimama, mikono ikining'inia, kwa sababu siku ile kanisani hapo ndipo mama alipoanzisha wimbo. Hapakuwa na sauti ila mota. Nilingoja hivyo hivyo, mrefu kuliko wote, mpaka Sifa, akiwa ameinamia chini, akaanzisha.